Sungura mzee na maumivu ya viungo: dawa ya kila siku hutolewaje?

Watu wengi wanaofuga sungura humu nchini humfuga kwa ajili ya nyama. Sungura huyo huchinjwa akiwa na umri wa miezi minne au mitano, na kwa hivyo mfugaji hapati nafasi ya kumwona akizeeka. Lakini katika mitaa ya miji yetu wapo sungura wa namna nyingine. Hawa ni wale walionunuliwa kwa ajili ya watoto, wakapewa majina, wakaachwa watembee sebuleni au kwenye veranda, na hakuna mtu katika nyumba hiyo anayeweza kutaja kisu mbele yao. Sungura wa aina hii akitunzwa vyema huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Akipita miaka mitano au sita huhesabiwa kuwa mzee, ingawa wale wenye miili mikubwa, kama vile Flemish Giant, huzeeka mapema zaidi.

Uzee huo huja na maumivu. Na swali ambalo wenye sungura hujiuliza, hasa baada ya kuona mnyama wao akichechemea asubuhi ya baridi ya Julai, ni hili: je, iko dawa ambayo sungura anaweza kupewa kila siku, kwa miezi au hata miaka, bila dawa hiyo kumwua?

Iko. Lakini si ile iliyo katika kabati lako la dawa, na kipimo chake si kile cha mbwa wala cha mtoto.

Huficha anapoumwa

Sungura ni mnyama anayewindwa na wengi. Mwewe, mbweha, paka na binadamu wote humtaka. Porini, sungura anayeonyesha udhaifu ndiye hukamatwa kwanza, na tabia hiyo ya kuficha maumivu haijamtoka hata yule aliyezaliwa kibandani huko Umoja au Nyali. Halii kama mbwa aliyekanyagwa. Hunyamaza na kutulia pembeni, na watu wa nyumba husema, "Huyu ni mzee sasa, amepunguza utundu."

Mara nyingi utundu huo umepunguzwa na maumivu. Jiulize maswali machache. Je, bado huruka juu ya kochi kama zamani, au siku hizi hufika, akatazama juu, akageuka? Je, ameanza kukojoa kando ya sanduku lake la choo ilhali miaka yote hakukosea? Huenda ukingo wa sanduku umemshinda kuuvuka. Manyoya ya mgongoni na kiunoni yakishikana na kujaa mba, ni kwa sababu hawezi tena kujipinda kujilamba. Masikio yakijaa nta upande mmoja, pengine ni kwa sababu mguu wa nyuma wa upande huo haufiki tena kujikuna.

Dalili inayowashangaza wengi ni ile ya kinyesi kuganda makalioni. Sungura hutoa kinyesi cha namna mbili. Zile gololi kavu tunazofagia ni za kwanza. Cha pili ni laini, chenye vitamini na protini, nacho hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka. Ili afanye hivyo ni lazima ajikunje mgongo. Mgongo ukiuma, kinyesi hicho hubaki kimeshika manyoya, mkojo nao huchoma ngozi, na harufu huita nzi. Nzi hutaga mayai, na baada ya saa chache tu funza huanza kumla mnyama akiwa hai. Sungura wengi wazee hufa kwa njia hiyo, na mwanzo wake ni uti wa mgongo ulioachwa uume bila dawa.

Uso nao husema. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa sungura. Huangalia mambo matano: macho yaliyofinywa, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka badala ya kuwa na umbo la mviringo kwa chini, masharubu yaliyokakamaa, na masikio yaliyojikunja na kulala nyuma. Kila dalili hupewa alama kuanzia 0 hadi 2. Si lazima uwe mtaalamu. Mtazame sungura wako siku anapokuwa mzima, umzoee, ndipo utatambua siku uso wake utakapobadilika. Kusaga meno kwa nguvu akiwa amejikunyata ni dalili nyingine, na usichanganye na ule mlio mwepesi wa meno anaoutoa akipapaswa kichwa, ambao ni wa raha.

Maumivu huua

Huenda mtu akasema kwamba maumivu ya viungo hayajamwua mtu, kwa nini yamwue sungura? Jibu liko tumboni. Utumbo wa sungura ni kama kinu ambacho hakipaswi kusimama. Nyasi lazima ziingie mchana na usiku ili zisukume zilizotangulia, na bakteria walio katika utumbo wake wapate cha kuchachua. Sungura anayeumwa huacha kula. Asipokula, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa na maumivu huongezeka, na kwa sababu hiyo anakataa kabisa chakula. Madaktari huhesabu sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa muda wa saa 12 kuwa mgonjwa wa dharura, asiyengoja kesho. Na kumbuka kwamba sungura hawezi kutapika. Kilichoingia, kimeingia.

Kwa hiyo dawa ya maumivu kwa mnyama huyu ni sehemu ya kumweka hai.

Kabla ya dawa, hata hivyo, yafaa ijulikane ni nini kinachouma. Mara nyingi huwa ni kuchakaa kwa gegedu za nyonga na magoti, au pingili za mgongo zilizoota vijimfupa na kushikana. Haya huonekana kwa picha ya eksirei. Wengine huumwa nyayo, hasa waliolelewa juu ya sakafu ya waya hadi manyoya ya visigino yakaisha na vidonda kuingia. Meno pia yasisahauliwe. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na magego yakikua kombo hukwaruza ulimi na mashavu. Dawa ya maumivu pekee haitanyoosha jino. Aidha, kuna kijidudu kiitwacho Encephalitozoon cuniculi ambacho hushambulia ubongo na figo, na huweza kulegeza miguu ya nyuma ikaonekana kama ya mzee mwenye ugonjwa wa viungo. Tiba yake ni tofauti. Ndiyo sababu mashauri ya simu hayatoshi.

Dawa yenyewe

Dawa inayotumiwa zaidi kwa sungura wenye maumivu ya kudumu ni meloksikamu. Ni ya jamii ya dawa zinazotuliza uvimbe na maumivu bila kuwa steroidi. Hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe, joto na uchungu kwenye kiungo kilichoumia. Kwa sungura hutolewa mdomoni kama dawa ya maji, na wengi huipenda kwa sababu zile zilizotengenezewa mbwa na paka huwa tamu.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, na naomba msomaji asiruke aya hii. Mbwa hupewa takriban miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Sungura huitoa dawa hii mwilini upesi kuliko mbwa, kwa hivyo huhitaji zaidi. Vipimo ambavyo madaktari hutumia ni kati ya miligramu 0.3 na 1 kwa kila kilo kwa siku. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya sungura wazima waliopewa miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa muda wa siku 29, na vipimo vya damu havikuonyesha madhara makubwa. Matumizi ya miezi na miaka hutegemea zaidi uzoefu wa madaktari wanaowatibu sungura wazee, na ndiyo maana daktari huchagua kipimo cha chini kabisa kinachomwondolea mnyama maumivu.

Sasa tuseme daktari ameamua miligramu 0.6 kwa kilo, na sungura wako ana kilo 2. Anahitaji miligramu 1.2. Chupa ya mbwa huwa na miligramu 1.5 katika kila mililita, kwa hivyo utavuta mililita 0.8. Chupa ya paka huwa na miligramu 0.5 tu, na hapo utahitaji mililita 2.4. Dawa ni ile ile, jina ni lile lile, lakini ukibadilisha chupa bila kubadilisha kipimo utampa mara tatu zaidi au theluthi moja tu. Nayo dawa ya sindano ya ng'ombe, ambayo muuzaji katika duka la dawa za mifugo anaweza kukutolea kwa nia njema kabisa, huwa na miligramu 20 katika mililita moja. Kutoka chupa hiyo sungura wako angehitaji mililita 0.06, yaani tone moja hivi. Hakuna mtu anayepima tone kwa macho jikoni akapata sawa kila siku.

Tahadhari nyingine ni ile sirinji inayokuja na chupa za mbwa. Nyingi huwa zimeandikwa kilo za mbwa badala ya mililita. Ukivuta hadi "2" kwa sababu sungura ana kilo 2, utampa kipimo cha mbwa wa kilo 2, ambacho ni kidogo mno kwake, kisha utalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Nunua sirinji ya kawaida ya mililita 1 katika duka la dawa, ni ya bei nafuu, na umwombe daktari akuwekee alama.

Tembe za binadamu

Tembe moja ya ibuprofeni ina miligramu 400. Mtu mwenye kilo 70 akiimeza hupata chini ya miligramu 6 kwa kila kilo. Nusu ya tembe hiyo kwa sungura wa kilo 2 ni miligramu 100 kwa kilo. Kwa hesabu ya uzani tu, ni kama mtu huyo ameze tembe 17 kwa mkupuo mmoja. Diklofenaki nayo ni vivyo hivyo. Tembe nyingi za kichwa zinazouzwa madukani ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini, na hazimfai. Kumbuka pia kwamba parasetamoli, ambayo tunaiona nyepesi hata kwa watoto wachanga, humwua paka.

Kila mnyama na mwili wake. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Asia ya Kusini, ambako tai mzoga walikufa kwa maelfu baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Chanzo kilichapishwa mwaka 2004: figo za ndege hao zilikuwa zimeharibika. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo, na dawa iliyopendekezwa mahali pake, kwa kuwa tai waliihimili, ilikuwa hii hii meloksikamu.

Meloksikamu ya binadamu nayo inauzwa, tembe za miligramu 7.5 na 15. Usijaribu kuikata. Nusu ya tembe ndogo kwa sungura wa kilo 2 ni karibu mara mbili ya kipimo cha juu nilichotaja.

Steroidi kama deksamethasoni ni hatari zaidi kwa sungura kuliko kwa wanyama wengi, na hazichanganywi kamwe na meloksikamu. Na maadamu tuko kwenye duka la dawa: amoksilini ya kumeza, ambayo wengi humpa mnyama yeyote mwenye kidonda, huua bakteria wema wa utumbo wa sungura na inaweza kumwua mwenyewe ndani ya siku chache.

Je, figo zitaharibika?

Hili ndilo hofu kuu ya wenye sungura, na ni hofu ya haki. Prostaglandini zile zile zinazoleta uchungu gotini ndizo hulinda ngozi ya tumbo na kusaidia damu kupita katika figo. Ukizizuia upande mmoja, umezizuia pande zote. Sungura kijana mwenye maji ya kutosha huhimili. Mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka huhitaji kuangaliwa.

Kwa hiyo daktari mwangalifu atataka damu ipimwe kabla ya dawa kuanza, ili ajue kiasi cha urea na kreatinini. Atarudia baada ya majuma mawili hadi manne, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Vipimo vikianza kupanda, atapunguza dawa au kuibadilisha. Gharama ipo, sikatai. Asiyeweza kulipia vipimo vyote amwambie daktari wazi, wapange pamoja ni kipi cha lazima.

Nawe nyumbani una kazi moja kubwa, nayo ni maji. Sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo kwa siku. Bakuli zito la udongo humfanya anywe kwa urahisi kuliko ile chupa ya kuning'inia yenye mrija. Siku ambayo mfereji wa mtaa umekauka na ndoo zimebaki mbili, bakuli la mgonjwa huyu lijazwe kwanza. Mboga za majani zikioshwa na kupewa zikiwa bado na maji, humwongezea pia. Akiacha kula, akiharisha, au akiishiwa na maji mwilini, simamisha dawa na umpigie daktari siku hiyo hiyo.

Lakini acha niseme ninavyoona mimi. Wapo wanaokataa dawa kabisa kwa kuogopa figo za mwaka ujao, huku sungura amelala juu ya mkojo wake mwaka huu. Mnyama wa miaka tisa hana miaka mingi ya kuwekewa akiba. Afadhali miezi kumi na minane ya kutembea na kujilamba kuliko miaka mitatu ya kukaa kona moja.

Kila siku, si siku mbaya tu

Kosa linalorudiwa sana ni la kutoa dawa siku anapochechemea na kuiacha anapopata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Maumivu ya kudumu hutulizwa kwa kipimo kile kile, saa ile ile, kila siku, na baadhi ya madaktari hukigawa mara mbili, asubuhi na jioni. Tikisa chupa kwanza. Mshike sungura miguu yake yote minne ikiwa chini, ingiza ncha ya sirinji kando ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na usukume polepole. Usimlaze chali, kwa maana dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Ukisahau kipimo cha leo, usimpe mara mbili kesho.

Weka kalenda ukutani na uandike: amekula? ameruka? amejisafisha? Baada ya majuma mawili linganisha. Wakati mwingine eksirei haionyeshi mengi, na daktari hutumia dawa yenyewe kama kipimo. Sungura aliyeonekana mzee kupindukia akianza tena kupanda kochi baada ya siku kumi, basi alikuwa anaumwa. Na mpime uzani kila juma kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kipimo kilichokokotolewa kwa kilo 2.4 ni kingi kwa aliyekonda hadi 1.9.

Itafika siku meloksikamu peke yake haitoshi. Daktari anaweza kuongeza gabapentini, hasa maumivu yanapotoka kwenye neva za mgongo, ingawa huleta usingizi mwanzoni. Tramadoli hutumiwa na baadhi yao, lakini utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ikimezwa, kiasi kinachofika kwenye damu ya sungura ni kidogo. Dawa kali za jamii ya afyuni hutuliza vizuri ila hupunguza mwendo wa utumbo, kwa hivyo hufaa zaidi kwa siku chache kuliko kwa miaka.

Nyumba yake

Dawa hufanya kazi nusu ikiwa mgonjwa anateleza siku nzima. Sakafu ya vigae ni mateso kwa sungura mwenye nyonga mbovu. Tandika zulia kuukuu au blanketi kutoka kitandani kwake hadi kwenye chakula na choo. Kata ukingo mmoja wa sanduku la choo ubaki sentimita tatu hivi. Ondoa sakafu ya waya. Kucha zikatwe kila mwezi, maana ndefu hupindisha kidole na kuongeza uchungu. Makalio yakaguliwe kila siku, mara mbili msimu wa mvua nzi wakiwa wengi.

Aliyenenepa apunguzwe polepole kwa kuondolewa pelete na kuachiwa nyasi kavu bila kipimo. Usimfungie njaa kamwe. Asitoke nje usiku wa baridi, na kibanda kielekezwe mbali na upepo.

Kuhusu daktari, wapo wengi hodari wa ng'ombe na mbwa ambao hawajatibu sungura mzee hata mmoja. Uliza kabla ya kwenda. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete kina kliniki ya wanyama wadogo, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huweka orodha ya waliosajiliwa. Nenda na sungura akiwa ameshakula, ubebe nyasi zake, na kama anaishi na mwenzake wabebe wote wawili.

Na ikitokea kwamba dawa zote zimetolewa, kalenda inaonyesha siku nyingi za kutokula kuliko za kula, na hawezi tena kusimama akajisafisha, mwulize daktari waziwazi juu ya kumlaza usingizi wa mwisho. Hufanywa kwa sindano, akiwa amepewa kwanza dawa ya usingizi, na unaruhusiwa kuomba ukae naye. Mwenzake akiwepo, mwache aukaribie mwili kwa muda kabla haujazikwa, kisha mwangalie anavyokula siku zinazofuata.